Kuku wa Karanga: Halali na Kizuri



Nyama ya kuku ni katika riziki alizotuhalalishia Mwenyezi Mungu, na imepokewa kwa Abu Musa Al-Ash'ari, katika Sahihi za Bukhari na Muslim, kwamba alimwona Mtume (S.A.W.) akila kuku. Basi kumpika kuku kwa ustadi, akakolea samli na karanga, si jambo la kuonewa haya na mwenye dini. Kilichokatazwa ni israfu na kibri. Walakini iko desturi moja majumbani mwetu ambayo twataka kuisema. Aletwapo kuku, kila mtu huuliza: Amechinjwa na nani? Jina la Mungu limetajwa? Maswali hayo ni ya wajibu. Ama karanga itakayotandazwa juu ya kuku yule, hapana aulizaye ilikotoka wala ilivyowekwa. Na Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 168, yatuamrisha kula kilicho halali na tena kizuri. Neno hilo la pili nalo ni amri.

Hapa kwetu Mafinga, kwenye baridi ya Mufindi, karanga nyingi hutujia kutoka mikoa yenye joto, kama Dodoma na Singida, na chakula tunachokisema hupikwa zaidi miezi ya Juni na Julai, wakati mtu apendapo kukaa karibu na jiko. Kuku mmoja wa kienyeji hukatwa vipande, akatiwa ndimu, chumvi, thomu na tangawizi, kisha akachemshwa kwa moto wa taratibu kadiri ya saa moja, maana nyama yake ni ngumu. Vitunguu vitatu hukaangwa kwa samli mpaka viwe vyekundu, vikatiwa pilipili manga na kikombe cha maziwa au tui zito, na kuku akapangwa ndani ya mchuzi huo. Kikombe kimoja na nusu cha karanga hukaangwa pasipo mafuta, kikamenywa na kutwangwa nusunusu, kisha kikachanganywa na mkate mkavu uliosagika, ufuta kidogo na kijiko cha samli. Hayo ndiyo yanayotandazwa juu. Sufuria hufunikwa, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko, na baada ya nusu saa karanga hugeuka rangi ya dhahabu, na harufu yake huwaita majirani kabla ya mwenye nyumba kuwaita.

Mwaka mmoja tulikuwa na khitima ya wanafunzi wetu, na wazazi wao walialikwa kula chakula hicho. Mzazi mmoja, mtu wa hali ya chini lakini mkarimu, alituletea zawadi ya karanga, kilo nne hivi. Ahali yetu alizimwaga katika ungo, akaanza kuzichambua. Zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu wa kijani alizitenga upande. Alipokwisha, karibu nusu ilikuwa imetengwa.

Shangazi yetu, aliyekuja kusaidia jikoni, hakuridhika. Akasema, "Mwanangu, zawadi ya mtu haimwagwi. Na yeye mwenyewe atakuwapo mkekani. Zikaange zote, moto hula kila kitu."

Ahali yetu akamjibu kwa adabu, "Shangazi, moto hauli sumu." Kisha akatugeukia: "Mwalimu, wasemaje?"

Tulikuwa tumekwisha kumsikia bwana shamba akilifunza jambo hili mkutanoni, kwa hiyo hukumu haikuwa ngumu. Lililokuwa gumu ni heshima ya mgeni. Maana kama karanga zile zilikuwa mbovu katika mfuko wa zawadi, je, katika gunia lililobaki kwake?

Wasomaji wetu wajue kwamba kuvu huyo huacha ndani ya punje sumu iitwayo sumukuvu. Dunia iliitambua kwa sababu ya ndege wa kufugwa: mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na ulipofanywa uchunguzi ilionekana kuwa walilishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Mwaka 2004 mashariki ya Kenya watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 msiba wa namna hiyo uliingia kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Na hao ni wale waliokula nyingi kwa mara moja. Alaye kidogo kidogo miaka mingi hasikii uchungu wowote, na huku ini lake linadhurika, hata huenda akapatwa na saratani. Moto wa jiko humwua kuvu mwenyewe, lakini sumu aliyoiacha haimalizwi, wala viungo haviiondoi. Huificha tu ulimi usiitambue.

Basi tulimwambia Shangazi kwamba kutupa chakula kizuri ni israfu, ama kutupa chenye kudhuru ni kuihifadhi nafsi, nayo nafsi ni amana. Mbovu zile zilifukiwa shimoni, wala hazikutupiwa kuku, kwa kuwa sumu humwingia kuku, na sisi tukamla kuku. Karanga za juu zilikuwa chache siku ile. Ahali yetu akaongeza ufuta, na wageni wakala wakashukuru.

Baada ya dua tulimchukua yule mzazi kando, mbali na masikio ya watu. Tukamshukuru kwa zawadi, kisha tukamweleza tulichokiona. Akanyamaza kitambo. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, gunia lile ndilo uji wa watoto." Gunia lilikuwa limekaa juu ya udongo mtupu, chini ya bati linalovuja. Kesho yake yeye na mkewe walilichambua lote, na kilichosalia kilikuwa kidogo. Madrasa ikampelekea debe la maharage bila ya tangazo. Kama tungalinyamaza kwa kumwonea haya, adabu yetu ingaliwadhuru watoto wake.

Imepokewa kwa Abu Hurayra, katika Sahihi ya Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye fungu la nafaka, akatia mkono ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye nafaka akasema kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza mbona hakuiweka iliyolowa juu, watu waione. Kisha akakanya kwamba mwenye kudanganya si katika watu wake. Mfanyabiashara achanganyaye karanga zilizovunda na nzima, akazisaga zote ziwe unga, na aisome habari hiyo mara mbili.

Kwa wenye majumba, yatupasa haya. Tununue karanga nzima, si unga tusiomjua aliyeusaga. Tuzikague mchana, penye mwanga, kabla hazijakaangwa. Tuzikaushe juu ya mkeka au turubai, wala si juu ya ardhi. Na gunia tuliweke juu ya mbao, mahali pakavu penye kupita hewa. Ni kweli kwamba jicho halioni kila punje yenye sumu, walakini kuchambua hupunguza madhara sana. Na vijana wa kiume wasidhani kwamba ungo ni kazi ya mama na dada peke yao. Atakayekula naye na achambue.

Mwenyezi Mungu atujaalie kula kilicho halali na kizuri, na atupe ulimi wa kuambiana kweli kwa upole. Wabillahi tawfiq.