Sura iliyochorwa upya

Jana jioni, nikiwa kwenye daladala nashuka Moshi mjini kutoka Kibosho, nilifungua simu nisome sura mpya ya One Punch Man. Kumbe ni ileile niliyokwisha kuisoma, Yusuke Murata kaichora upya! Anaichora hadithi hii ya ONE tangu 2012, na si mara ya kwanza kurudia sura iliyokwisha kutoka. Wasomaji wengine hukasirika. Mimi niliona wivu.

Kibosho nilikwenda kumwomba radhi mzee mmoja. Katika habari yangu ya mahakamani nilimwita mshitakiwa, kumbe alikuwa shahidi. Masahihisho yalitoka kesho yake, mistari mitatu, ukurasa wa ndani. Gazeti lenye kosa lilikuwa limeshafungiwa maandazi.

Mzee alinikaribisha mbege, akasema taratibu: "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini kanisani bado wananitazama."

Saitama, shujaa wa hadithi ile, humwangusha adui kwa ngumi moja. Mimi nilimwangusha mzee kwa neno moja, na ukurasa wangu hauchorwi upya.

Leo nimesoma kila jina mara tatu kabla ya kutuma habari. Nitarudi Kibosho Jumapili, nikaketi naye kanisani.