Mkono Ukitangulia Mwili (Sehemu ya 6)

Nimetoka zamu, nimeoga, watoto wamelala, niko na chai yangu hapa. Najua niliwaahidi mada ya chanjo. Itakuja. Leo naomba niwasimulie kosa langu mwenyewe, maana naona aibu kuwafundisha kila wiki halafu langu nalifunika.

Kijana wangu wa pili ana miaka 11. Mjomba wake anacheza gofu pale Lugalo, akaanza kwenda naye Jumamosi. Mtoto akaupenda huo mchezo jamani, mpaka fimbo ya ufagio nyumbani ikawa haina raha. Tatizo likawa moja: mpira wake ulikuwa hauendi mbele. Unaondoka vizuri, halafu unajikunja kwenda kulia, unaishia kwenye majani. Mimi nisiyejua lolote nikawa nasimama pembeni nampigia kelele: "Tia nguvu baba! Mikono hiyo!"

Akatia nguvu.

Siku moja nikamwona jikoni anafungua chupa ya maji. Ameibana kwapani, anazungusha kifuniko kwa mkono wa kushoto, na huyu ni mtoto wa mkono wa kulia. Nikamwita, nikamgusa kile kinundu cha ndani ya kiwiko. Akaruka. "Toka lini?" Akainama. "Wiki tatu, mama. Niliogopa utanikataza."

Wiki tatu! Mimi ninayekutana na watoto wa watu kutwa nzima, nikiwauliza mama zao "mbona mmechelewa kuja?"

Tulikwenda kwa daktari, akapigwa picha, mfupa ulikuwa mzima. Lakini elewa hapa: misuli inayokunja kiganja imejishikiza kwenye kinundu hicho. Kwa mtu mzima pale ni mfupa uliokomaa. Kwa mtoto anayekua bado kuna gegedu laini, na ukiivuta kila siku inaumia kabla hata misuli haijachoka. Dawa ya kwanza ilikuwa kupumzika, na siyo kupaka dawa ya kuchua kisha kurudi uwanjani Jumamosi.

Aliporudi baada ya kupona, nikamfuata kocha. Hakunilaumu. Akachora mstari chini kutoka kwenye mpira kwenda kwenye bendera. Akasema: "Mama, mtoto anaanza kushusha fimbo kwa mikono na bega. Mikono ikitangulia, fimbo inatupwa nje ya mstari huu, halafu inarudi ndani inaufyeka mpira kwa pembeni. Uso wa fimbo ukiwa wazi, mpira unajikunja kulia. Akiongeza nguvu, anaongeza kosa. Na kiwiko ndicho kinacholipa."

Nikakumbuka tulivyokuwa tukirusha mawe kwenye mwembe utotoni. Hukuanza na mkono. Ulikanyaga mguu, kiuno kikageuka, mkono ukaja wa mwisho kabisa. Gofu nayo ni hivyo hivyo: uzito unahamia mguu wa kushoto, kiuno kinageuka, mikono inashuka karibu na mwili, ndipo fimbo inafika kwenye mpira ikitokea upande wa ndani.

Alimpa mazoezi mawili, na nyumbani tunayafanya bila mpira. La kwanza, taulo linapita kifuani na kubanwa kwapani pande zote mbili, anapiga nusu pigo taratibu. Taulo likidondoka, mikono imeuacha mwili. La pili, chupa tupu ya maji inalazwa upande wa mbali wa mpira, nyuma kidogo. Fimbo ikitokea nje inaigonga. Siku ya kwanza chupa ilisambaa uani kama imepigwa teke. Sasa zinapita siku haiguswi, na mpira mwingi unakwenda mbele, kwa nguvu ndogo kuliko ile niliyokuwa namdai.

Sasa wewe mwenye kichanga, usiseme gofu haikuhusu. Unamwinuaje mtoto kitandani? Wengi wetu tunanyoosha mikono mbali, dole gumba limesimama, kiganja kimepinda, tunamvuta juu. Ukifanya hivyo mara ishirini kwa siku, unaanza kusikia maumivu chini ya dole gumba, hata kukamua nguo unashindwa. Hali hiyo inaitwa De Quervain, kwa jina la daktari wa upasuaji wa Uswisi aliyeieleza mwaka 1895. Wamama wanaipata, na wacheza gofu wanaipata pia.

Kwa hiyo sogea kwanza. Kunja magoti, mlete mtoto karibu na kifua, kiganja kimoja chini ya makalio na kingine nyuma ya shingo na kichwa, dole gumba lilale pamoja na wenzake. Halafu inuka kwa miguu. Maumivu yakiendelea nenda kituo cha afya, kuna vifaa vya kukituliza kifundo na vinasaidia.

Na kwa mtoto anayecheza mchezo wowote, usisubiri ukiona haya: kiwiko hakinyooki chote, kimevimba, maumivu yanamwamsha usiku, vidole vinakufa ganzi, au ameanza kutumia mkono mwingine kimyakimya. Hilo la mwisho ndilo lililonipita mimi.

Nimefanya kitu kingine pia. Nimemwambia: "Ukisema unaumwa, sitakukataza gofu. Nitakupumzisha, halafu utarudi." Juzi alikuja mwenyewe, akanyoosha mkono: "Mama, leo unavuta kidogo." Tukapumzika siku nne. Nilifurahi kuliko angeleta kombe.

Hebu kesho waangalie wa kwako wanavyofungua chupa. Ukiona kitu, niandikie hapo chini. Chanjo ni sehemu ya 7, safari hii kweli. Usiku mwema.