Asubuhi ya Sakitu katika Hautes Fagnes

Upande wa mashariki wa Ubelgiji, karibu na mpaka wa Ujerumani, iko nchi ya juu iitwayo Hautes Fagnes. Kilele chake, Botrange, chafika mita 694 tu. Msomaji wa Kivu atacheka akisikia kwamba hakuna mahali pa juu zaidi katika Ubelgiji nzima. Lakini asicheke upesi. Baridi ya huko mwezi wa Januari haifanani na ukungu wa Bukavu, wala na baridi ya Katanga ya mwezi wa sita.

Ukungu wa Fagnes una matone madogo sana ambayo yamepita kipimo cha kuganda, nayo bado ni maji. Yakigusa tawi au unyasi, huganda mara moja. Upepo ukivuma usiku kucha, sakitu huota upande ule utokako upepo, kama manyoya ya ndege. Kunapopambazuka, miti yote imevikwa nyeupe.

Ndiyo sababu wapiga picha huondoka kitandani gizani. Jua la Januari huchomoza karibu na saa mbili na nusu, wakati wanafunzi wetu wamekwisha kuingia darasani. Na likipanda kidogo, sakitu yaanza kudondoka.

Kazi yenyewe ina hila zake. Mashini ya picha hupima mwanga kana kwamba dunia yote ni ya kijivu. Ikiona weupe mwingi, hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza, na theluji hutoka kama majivu ya jikoni. Basi lazima kuiongezea mwanga kwa makusudi, mara mbili, pengine tatu. Beteri nazo huzimia kwa baridi. Wenye akili huweka ya akiba mfukoni, karibu na mwili. Tena, kabla ya kuingia nyumba yenye moto, huifunga mashini ndani ya mfuko, maana hewa ya joto ikigusa kioo cha baridi huacha umande juu yake.

Walakini ukungu huo si wa kuchezea. Nchi ile ni kinamasi, na mgeni apaswa kufuata njia ya mbao. Mwezi wa Januari 1871 wachumba wawili, François Reiff na Marie Solheid, walikuwa wakivuka Fagnes kwenda kutafuta hati za ndoa yao. Theluji iliwapoteza, maiti zao zilionekana mwezi wa Machi. Hata leo Msalaba wa Wachumba unasimama huko porini.

Walipotea ingawa karibu na Baraque Michel palikuwa na kikanisa, kilichojengwa miaka arobaini hivi mbele yao na bwana Fischbach wa Malmedy. Taa iliwashwa mnarani mwake ili kuwaongoza wasafiri katika ukungu. Kikanisa kingali pale. Mpiga picha asiyejua pa kuanzia aanze hapo: katika weupe usio na juu wala chini, kuta zake za mawe hulipa jicho mahali pa kushika.