Roki Hakushinda

Naomba nianze kwa kukiri: mimi ni mwanamke ninayependa filamu za ngumi. Zile za mapenzi za kulia na tishu mkononi nazo naziangalia, na kulia nalia kweli. Lakini ukinipa nichague mwenyewe Jumamosi usiku, watoto wamelala, nitachagua jasho, nyusi zilizopasuka na kocha anayefoka pembeni ya ulingo. Shosti zangu wananishangaa. Mmoja aliwahi kuniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani tunapigana. Hapana, hatupigani. Ila mwaka jana tulikaribia kuachana, na filamu ya ngumi ilikuwepo siku hiyo, kwa hiyo leo nimeamua nikusimulie.

Ugonjwa huu nimeurithi kwa baba. Mwishoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tunakaa Tandika, na jirani yetu alikuwa na kibanda cha video. Mabenchi, tivii moja, deki, kiingilio shilingi mia. Wasichana hawakuwa wakionekana mle. Mimi niliingia kwa sababu baba alinishika mkono, na hakuna aliyethubutu kumuuliza mzee swali. Mbele alikaa mtafsiri na maiki yake. Filamu ikienda, yeye anaeleza kwa Kiswahili na kutia chumvi zake.

Ndimo nilimoiona Rocky, ile ya kwanza ya mwaka 1976. Wenye kuijua wanajua mwisho wake. Raundi ya 15 imekwisha, ulingo umejaa watu, mtangazaji anasoma matokeo na hakuna anayemsikiliza, maana Roki mwenyewe, macho yamevimba kama maandazi, anamwita Adrian wake tu. Mtafsiri wetu akainuka: "Roki kachukua ubingwaaa!" Kibanda kililipuka. Baba alinibeba begani mpaka nyumbani.

Basi mimi nikakua nikijua Roki alishinda.

Ukweli niliujua nikiwa chuo, mwaka wa pili, nasomea mawasiliano ya umma. Kaka mmoja wa mwaka wa tatu alinisikia nikijitapa kantini, akacheka. "Dada, Roki hakushinda." Tukawekeana chipsi mayai. Akaja na DVD, tukaiweka kwenye kompyuta, tukaongeza sauti hadi mwisho. Majaji wawili wakampa Apollo Creed, mmoja Roki. Nilinunua chipsi mayai. Kaka yule ndiye baba watoto wangu leo.

Tukiwa bado kwenye Roki, acha nikwambie kipande ninachokipenda kuliko ngumi zote. Roki anamtoa Adrian "out" yao ya kwanza, uwanja wa kuteleza kwenye barafu umefungwa, mlinzi anataka dola kumi kwa dakika kumi. Analipa. Adrian anateleza, Roki anamkimbilia pembeni na viatu vyake vya kawaida, anaongea bila kituo, na mlinzi anawapigia kelele dakika zilizobaki. Filamu nzima ilitengenezwa kwa kama dola milioni moja, na kwa Hollywood hizo ni hela za soda. Ikachukua Oscar ya filamu bora. Nyie kaka zangu mnaosema hamna hela ya kumtoa mtu, nimeishia hapo.

Raging Bull ya 1980 ni kesi nyingine. Martin Scorsese aliipiga kwa rangi nyeusi na nyeupe, na Robert De Niro akanenepa kwa karibu kilo 27 ili amwigize Jake LaMotta uzeeni. Ni filamu nzuri, na siipendi kuiangalia na mume wangu pembeni. Jake ana wivu, jamani. Mkewe anatamka tu kwamba bondia fulani kijana ana sura nzuri. Jake anaingia ulingoni na kuiharibu ile sura, kisha anamtazama mkewe pale alipokaa. Ndani ya nyumba anampiga. Usiku wa tarehe 14 Februari 1951, siku ya wapendanao, Sugar Ray Robinson alimchakaza mpaka refa akasimamisha pambano raundi ya 13, na Jake alijisifu kwamba hakuanguka. Nina rafiki aliyeachana na mchumba wake baada ya kuiona. Alisema amemwona mtu anayemjua.

Baba yeye, ukimuuliza, atakwambia filamu ni moja tu, When We Were Kings, ile ya kumbukumbu ya pambano la Ali na Foreman pale Kinshasa, Oktoba 30, 1974. Atakuhesabia na saa: lilianza saa kumi alfajiri ili Wamarekani waone jioni yao, na kwetu Dar ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi. Usimkatize.

Sasa nije kwenye yangu. Cinderella Man ilitoka 2005. Inamhusu James Braddock, mtu aliyeishi kweli, aliyekuwa bondia mwenye jina kabla uchumi wa Marekani haujaanguka mwishoni mwa miaka ya 1920. Mkono unavunjika, mapambano yanaisha, anageuka kibarua wa bandarini akigombea zamu getini na wenzake. Asubuhi moja anampa bintiye kipande chake cha nyama, anamdanganya kwamba ameshiba, eti usiku ameota anakula hotelini. Kisha umeme unakatwa, ni baridi, mtoto anaumwa. Mkewe Mae anawapeleka watoto kwa ndugu bila kumuuliza. Jim alikuwa amemwahidi mwanawe kwamba hatawatawanya.

Ndipo anapokwenda Madison Square Garden, kwenye chumba cha mapromota waliomla wakati wake mzuri, anavua kofia na kuipitisha. Wengine hawamtazami usoni. Sarafu zinadondoka moja moja.

Tulikuwa tumeiona mara tano au sita. Jumamosi ile ya mwezi wa tano, kofia ilipoanza kupita, mume wangu aliinuka. Akasema anaenda kuangalia geti kama limefungwa. Filamu ikaendelea, hakurudi. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za nje, simu imezimwa.

"Mke wangu," akasema, "sina kazi."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu."

Wiki tisa! Wiki tisa anaamka, anapiga pasi shati, anabeba begi la kompyuta, ananiaga. Walipunguzwa watu kumi na wawili siku moja. Yeye akawa anashinda kwenye stationery ya binamu yake, Mwenge, anatuma maombi ya kazi na kuwasaidia wateja kuchapa barua. Na mimi nyumbani, luku ikiisha, nauliza kwa ukali, "Kwani mshahara haujaingia?"

Nitakuwa muongo nikisema nilimkumbatia. Nilifoka. Nilimwambia kazi si tatizo, uongo ndio tatizo, nikalala chumba cha watoto, na asubuhi nikafunga begi. Niliamini nina haki yote. Kisha, nikikunja nguo, nikakumbuka siku moja ya mwezi wa nne. Shosti walikuja nyumbani, tukawa tunamjadili mwenzetu ambaye mumewe hana kazi, na mimi nikasema, tena kwa kicheko: "Mwanaume wa kushinda nyumbani simwezi, bora nikae peke yangu." Yeye alikuwa mezani anakula. Aliinuka akaosha sahani yake. Sikuona kitu.

Begi nililibeba hata hivyo. Nikaenda Tandika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Amekwambia?"

Nilisimama mlangoni. Kumbe alijua. Kodi ya nyumba ya miezi mitatu, laki sita, mume wangu aliikopa kwa baba yangu. Wewe unayeujua ukwe wa kwetu unajua maana yake, mwanaume kwenda kwa baba mkwe mikono mitupu. Nikamuuliza baba kwa nini hakuniambia.

"Aliniomba akwambie mwenyewe. Nikampa mwezi mmoja, nao unaisha Ijumaa."

"Umenificha kama yule mtafsiri wa kibandani," nikamwambia. Baba akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka, akasema: "Mtafsiri alikuwa anajua wateja wake. Angesema kapigwa, wangemvunjia benchi."

Sijui alikusudia nini, lakini njiani kurudi nilikuwa nafikiria hilo benchi. Katika nyumba yetu, nani alikuwa tayari kulivunja?

Kuna kipande kingine cha Cinderella Man nilichokuwa nakipita bila kukitilia maanani. Mae anakwenda nyumbani kwa Joe Gould, meneja wa mumewe, kumfokea kwa kumrudisha Jim ulingoni. Anajua hawa wana hela, wanakaa jengo la maana, mtu anavaa suti kila siku. Mlango unafunguka: ndani hamna fanicha. Wameuza karibu kila kitu ili Jim afanye mazoezi, na suti ni ya kufunika. Wanawake wawili wanabaki kwenye chumba kitupu wanaongea kuhusu waume zao. Niliirudia peke yangu, nikalia vizuri tu.

Sikwambii kwamba filamu iliokoa ndoa. Tulichukua miezi. Tulihamia nyumba ndogo zaidi, watoto wakabadilisha basi la shule kwa daladala, na mimi nikajifunza kuuliza swali moja na kunyamaza mpaka nijibiwe. Hilo la kunyamaza bado linanishinda. Yeye naye, akichelewa kunijibu, siku hizi namwambia, "Baba, vua kofia." Anajua.

Braddock halisi alipigana na Max Baer Juni 13, 1935, akashinda kwa pointi baada ya raundi 15 na kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. (Filamu ilimwonea Baer, nasema wazi. Imemfanya mtu wa kujisifia kuua, wakati Frankie Campbell alipokufa mwaka 1930 baada ya pambano lao, Baer aliumia sana na kuisaidia familia ya marehemu.) Braddock alirudisha pia pesa za msaada alizopewa na serikali akiwa hana kitu. Kwenye filamu anapanga foleni ileile na kuweka noti dirishani.

Mume wangu alipata kazi mwezi wa tisa, mshahara pungufu kidogo. Novemba tulikwenda Tandika wote, na bahasha. Baba alihesabu laki sita mbele yetu, polepole, noti kwa noti, kisha akatoa elfu kumi akawapa wajukuu wakanunue soda.

Jioni hiyo tuliwawekea Rocky kwa mara ya kwanza. Pale mwisho, kelele zimejaa, Roki anamwita Adrian, mwanangu wa miaka minane akageuka.

"Ameshinda?"

Baba akaangalia dari. Mume wangu akaniangalia mimi, kisha akamwambia: "Hapana. Amepigwa kwa pointi."

"Sasa mbona amekumbatiwa?"

Swali hilo nimemwachia baba yake.