Muulize Dada wa Maktaba Kitabu Alichokipenda, Halafu Ujiandae

Watu wengi wa mjini wakisikia maktaba wanawaza wanafunzi na mitihani iliyopita, soketi ya kuchajia simu, na mhudumu anayesema "shhh". Kumbe huyo mhudumu naye anasoma, na ana vitabu vyake vya moyoni. Tatizo ni kwamba hakuna anayemuuliza.

Kuna dada mmoja wa maktaba ya umma Dar, ukimuuliza anakuangalia kwanza. Anayesema vitabu vinamchosha anapewa Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, aonane na Willy Gamba. Aliyeipenda filamu ya Vuta N'kuvute anaonyeshwa riwaya yenyewe ya Shafi Adam Shafi. Anayetaka kumjua Gurnah wa Nobel 2021 anapewa Peponi, maana sasa ipo kwa Kiswahili.

Ila kipenzi chake ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971. Iliwahi kupigwa marufuku shuleni, baadaye ikaja kufundishwa darasani. Ni habari ya binti wa Ukerewe na baba mkali, mlevi. Barua tu ya mvulana, kipigo. Akishaupata uhuru mbali na nyumbani, unamshinda.

Wenzake huwapa wasichana kitabu hicho kama onyo. Yeye anasema hapana, kile ni cha akina baba. Alikisoma akiwa na miaka 17, usiku, kwa tochi ya simu, kwao kukiwa hakuna ruhusa hata ya kumsalimia rafiki wa kiume. Kilichomliza zaidi ni fimbo kutangulia kabla ya swali.

Sasa siku moja mzee akaja amefura: binti yake kakutwa na kitabu "cha kihuni". Dada hakubishana.

"Shikamoo baba. Kichukue wewe kwanza. Ukimaliza tutaongea."

Wenzake wakajua kesho yake anaitwa kwa bosi. Mzee akarudi siku ya 12. Hakuomba radhi wala hakusema kimemgusa wapi. Alikiweka mezani, akauliza kama binti anaruhusiwa kuazima viwili kwa mpigo.

Simu inakupendekezea kinachofanana na ulichokwishapenda. Mtu wa maktaba anakupa alichokipenda yeye, akiona kitakufaa, na kikikuudhi lawama anazibeba mwenyewe.

Haya, wewe ukiambiwa umpe mzazi wako kitabu kimoja tu, unampa kipi?