Nyumba ya Barafu Chini ya Paa la Zamani

Mji wa Seattle umo kaskazini-magharibi mwa Marekani, mahali penye maji ya bahari, milima yenye theluji na mvua ya manyunyu isiyo na haraka. Mgeni afikaye huko na kutaka kuona mchezo wa magongo wa barafuni hupanda gari-moshi dogo la umeme, lipitalo juu ya reli moja iliyoinuliwa kwa nguzo, naye hushushwa baada ya safari ya maili moja tu karibu na mnara mrefu uitwao Space Needle. Reli hiyo na mnara huo vilijengwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1962.

Hatua chache kutoka hapo yaonekana paa pana lililoinama pande zote mfano wa kofia. Paa hilo nalo ni la mwaka 1962, kazi ya msanifu Paul Thiry. Atazamaye kwa nje hudhani kwamba ameletwa kuona jengo la zamani. Lakini akiingia mlangoni, hapandi ngazi kama ilivyo desturi ya viwanja vingi, bali huteremka. Viti vyashuka safu kwa safu hata chini kabisa, zaidi ya futi 50 chini ya barabara, na huko ndiko kuliko barafu nyeupe ing'aayo.

Yafaa kueleza jinsi jambo hili lilivyopata kuwa. Kwa miaka mingi nyumba hiyo ilikuwa makao ya timu ya mpira wa kikapu iliyopendwa sana, SuperSonics. Wenye timu walitaka jengo kubwa na jipya, lakini makubaliano juu ya fedha hayakupatikana, na mwaka 2008 timu ilihamia mji wa Oklahoma City. Watu wa Seattle walihuzunika mno. Wako waliosema kwamba nyumba hiyo imekwisha kazi na ibomolewe. Wengine walisema kwamba paa ni kumbukumbu ya mji, wala haifai kuligusa.

Mwisho pande zote mbili zilisikizwa. Kazi ilianza Desemba 2018. Mafundi walilishika paa kwa nguzo za chuma za muda, nalo lina uzito wa tani 20,000 hivi, kisha wakaondoa karibu kila kitu kilichokuwa chini yake na kuchimba udongo kwenda chini zaidi. Paa likabaki hewani, na nyumba mpya ikajengwa ndani ya shimo. Gharama ilipita dola milioni elfu moja, na sehemu kubwa ilitoka kwa kampuni za watu binafsi, ingawa jengo lenyewe ni mali ya mji. Lilifunguliwa Oktoba 2021 kwa jina la Climate Pledge Arena, na tarehe 23 ya mwezi huo timu mpya ya Seattle Kraken ilicheza hapo kwa mara ya kwanza, dhidi ya Vancouver Canucks.

Uwanja wa barafu una urefu wa futi 200 na upana wa futi 85. Chini yake ni sakafu ya saruji iliyopitishwa mabomba mengi, na ndani ya mabomba hupita maji ya dawa yaliyo baridi sana yasiyoganda. Maji safi hunyunyizwa juu ya sakafu kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, hata barafu ifikie unene wa inchi moja na kidogo. Na maji hayo yatoka wapi? Sehemu yake ni mvua inayokingwa juu ya lile paa la zamani na kuhifadhiwa katika tangi chini ya ardhi.

Kila timu huwa na watu sita uwanjani, wamevaa viatu vyenye makali ya chuma. Hawapigi mpira, bali kisahani kigumu cha wakia 6, ambacho huweza kwenda kasi kuliko motokaa. Kwa sababu hiyo watazamaji hukingwa kwa vioo vinene na nyavu. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20. Kila kipindi kikiisha, huingia mashine ya kukwangua barafu iliyochakaa na kumwaga maji ya moto juu yake. Mtu huweza kustaajabia maji ya moto, lakini ndiyo yazibayo nyufa vizuri, kisha huganda na kuwa laini kama kioo.

Kesho yake huenda barafu isionekane. Mbao maalumu zizuiazo joto hutandazwa juu yake, na wanawake wa Seattle Storm hucheza mpira wa kikapu, au waimbaji hukusanya maelfu ya watu. Nyumba ichukuayo watu zaidi ya 17,000 hailipi kwa mchezo mmoja tu.

Msomaji asidhani kwamba mambo hayo ni ya watu wa nchi za theluji peke yao. Nairobi ilipata uwanja wake mdogo wa barafu katika hoteli mwaka 2005, na mwaka 2024 Kenya iliingizwa katika chama cha dunia cha mchezo huu.

Hata hivyo, fundisho kubwa la Seattle halimo katika barafu. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mji ule ulipata msala mpya bila kuutupa mbacha, na lile paa ambalo wengine walitaka livunjwe ndilo lililowapa maji ya kugandisha. Mwenye nyumba ya bati na pipa tupu ukingoni mwa ukuta ana la kufikiri mvua inapokaribia.