Simu Isiyo na Kufuli

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Pemba kusikiliza tenzi za bibi mmoja mzee, asiyejua kuandika, lakini mwenye beti nyingi kifuani kuliko zilizomo katika vitabu vyangu. Kwa muda wa siku tatu nilinasa sauti yake kwa simu. Kila alipomaliza ubeti aliniuliza, "Umeuweka?" nami nikamjibu, "Nimeuweka, bibi." Sikujua kuwa nasema uongo. Mwaka haukutimia, programu niliyoitumia ikaachwa na wenyewe, simu ikakataa kuifungua, na sauti zilizokuwamo zilikuwa zimeandikwa kwa namna iliyojulikana na programu hiyo peke yake. Fundi alitikisa kichwa. Wakati huo bibi alikuwa amekwisha kufariki.

Nimeutaja msiba huu mapema ili msomaji asishangae kwamba mwalimu wa lugha, ambaye hajui hata mstari mmoja wa kuandika programu, alikaa alasiri nzima akiitazama simu ya watu wa kazi hiyo.

Aliyeileta ni kijana niliyemfundisha ushairi kabla hajauhama kwenda kwenye kompyuta. Aliniamkia, akaketi, akaweka mezani simu nyeusi iitwayo PinePhone. Kampuni ya Pine64 ilianza kuwapelekea wanunuzi simu hiyo mwezi wa Januari 2020, kwa bei ya dola 150 hivi za Marekani, katika toleo lililoitwa Braveheart, yaani la wenye moyo wa kishujaa. Jina hilo halikuwa majivuno. Simu ilifika bila mfumo wa kuitumia. Aliyeinunua alitakiwa autie mwenyewe.

"Ni simu ya nani hii?" nikauliza.

"Ya waandika programu, Mwalimu. Mtu mwingine atailaani kabla ya jua kuchwa."

Akakibandua kifuniko cha nyuma kwa ukucha, akaitoa betri kama tulivyokuwa tukiitoa zamani. Chini ya kifuniko palikuwa na swichi sita ndogo mno, ambazo husogezwa kwa ncha ya kitu chembamba: ya modemu, ya Wi-Fi na Bluetooth, ya maikrofoni, ya kamera ya nyuma, ya kamera ya mbele, na ya tundu la visikizi. Hii ya mwisho ilinipendeza zaidi, kwa kuwa hulifanya tundu hilo la muziki kuwa mlango ambao fundi aweza kuusikilizia moyo wa simu inapoamka. Ukizima maikrofoni kwa swichi, imezimwa katika chombo chenyewe. Huhitaji kuiamini ahadi ya programu kwamba haikusikilizi.

Kisha akachomeka kadi ndogo, na simu ikaamka na mfumo uitwao postmarketOS. Akachomeka nyingine, ikaamka na Mobian. Yote miwili imesimama juu ya Linux, kiini alichokianza Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi Helsinki, ambacho maandishi yake yapo wazi kwa kila mwenye kutaka kuyasoma, kuyanakili au kuyageuza.

Walakini sikutaka kudanganywa na uzuri wa fikira. Nilimpigia mke wangu. Akaniambia nasikika kama mtu aliye kisimani. Betri haikufika magharibi. Jambo jingine lilinisumbua kuliko hayo: modemu, kile kiungo kinachosema na minara, ni kompyuta ndogo yenye siri zake. Wapenzi wa simu hii wameandika upya baadhi ya programu zilizomo ndani yake, lakini sehemu yenyewe inayosema na mnara imebaki kufungwa. Nyumba ina milango wazi, na chumba kimoja kina kufuli. Kijana hakulificha hilo, nami nilimheshimu kwa kutolificha.

Baadaye alinasa sauti yangu kwa dakika moja, akanionyesha mahali ilipo: faili la kawaida katika folda ya kawaida. Akalinakili katika kompyuta yangu, nikajisikia nikikohoa. Sikuweza kusema neno kwa kitambo. Alidhani nimechoka.

Ndipo alipoitoa haja yake. Alifungua orodha ya maneno ya programu ile ya kunasia sauti. Upande mmoja Kiingereza, upande wa pili patupu, pakingoja Kiswahili. Hakuna aliyelipwa kupajaza, wala hakuna aliyezuiwa. Tulikwenda upesi katika anza, simama na futa. Tulikwama katika neno la kitufe ambacho mtu hukibonyeza akimaliza, ili sauti isipotee.

"Kamusi zasema 'hifadhi', Mwalimu," akasema.

Nikamjibu kwamba hifadhi ni neno zuri, nami nimelifundisha kwa miaka mingi. Lakini hapo aandike "weka". Akaniuliza sababu. Nikamwambia kwamba ndivyo nilivyolisikia likitumika. Akaandika, akanionya kuwa kesho mtu yeyote, popote alipo, aweza kupendekeza neno jingine.

"Apendekeze," nikasema. "Wewe liache hivyo kwa leo."